Safari ya Kumtoa Mdogo Wangu Msalabani

Ninyi mliokuja kwangu na viti vya kukunja, na maji ya chupa, na sukari ambayo mpaka leo haijaisha kabatini, mnastahili kusikia kutoka kinywani mwangu mwenyewe kwamba hakuna aliyekufa. Nimelisema hili kanisani, nimelisema kwenye simu, nimelisema mbele ya duka la mboga kule Frogtown mama mmoja aliponikumbatia akilia. Bado mnaniuliza ilikuwaje. Basi nimeketi niandike mara moja kwa wote.

Kazi iliyonipeleka Uingereza ilikuwa moja tu: kumrudisha Espoir, kitinda mimba wetu, awe darasani Jumatatu asubuhi. Shule ya uuguzi ya Saint Paul ilikuwa imempa nafasi, na walishasema kwamba asiyefika siku ya kwanza nafasi yake anapewa mwingine. Mimi niliacha shule darasa la tano ili wadogo zangu wale. Sikuwa tayari nafasi hiyo iende kwa mtu mwingine kwa sababu ya jiwe.

Hopkins

Espoir aliondoka hapa kwetu Hopkins, karibu na Minneapolis, mwezi wa sita pamoja na kikundi cha wanafunzi na mwalimu wao wa historia. Somo lile alilichukua kwa sababu lilikuwa la asubuhi na darasa lilikuwa karibu na kituo cha basi. Kazi yao ilikuwa kupima misalaba ya mawe iliyosimama kwenye viwanja vya makanisa ya vijijini Uingereza, iliyojengwa miaka mia tano, mia sita iliyopita, na kuandika kila mmoja una urefu gani na umevunjika wapi. Nilipoambiwa nikauliza kama wanalipwa. Akasema hapana. Nikauliza kama misalaba hiyo imepotea. Akasema hapana, iko palepale ilipokuwa. Nikamwombea safari njema.

Mwezi wa nane, siku ya Jumamosi, akatuma picha kwenye kundi la familia. Msalaba wa jiwe, mweusi kwa mvua, kichwa kimekatika, nyuma yake makaburi. Chini ya picha hakuna neno hata moja. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani.

Sasa ninyi mnatujua sisi watu wa Kivu. Mtu hatumi picha ya msalaba bila maneno isipokuwa mdomo umemshinda. Bahati, mdogo wangu anayenifuata, akaipeleka kwenye kundi la kanisa na kuongeza mikono miwili iliyofumbatana. Kabla jua halijazama Mama Zawadi wa kanisani alikuwa mlangoni kwangu na sufuria ambalo hata kwa harusi ni kubwa.

"Nani?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hujui, au huwezi kusema?"

"Sijui, Mama Zawadi."

"Basi kaa chini. Mfiwa hasimami."

Ndivyo yalivyoanza matanga ya mtu asiyejulikana. Wanawake walijaa sebuleni, wanaume wakajaa kwenye korido wakibishana kama marehemu ni mwalimu wa Espoir au ni mchumba wa Kizungu aliyekuwa ametuficha. Waliosema mchumba walikuwa wengi. Mzee mmoja, simtaji, alisimama akatoa ushuhuda kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Meneja wa jengo alikuja kulalamika kwamba magari yetu yamefunga njia, akaelezwa, akavua kofia, akaenda na kurudi na donati.

Siku ya nne, Jumanne, Espoir akapiga simu, akitumia mtandao wa baa ya kijiji kingine.

"Yaya, mbona nimekuta pole nyingi namna hii?"

Wakenya msicheke. Kwetu yaya ni mkubwa wa kuzaliwa, si mtu wa kulea watoto, ingawa mimi nimefanya yote mawili.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Na ule msalaba?"

"Ni msalaba tu. Niliupenda."

Niliyameza hayo. "Haya. Jumatatu ijayo shule."

"Najua. Wenzangu wamesharudi. Mimi siwezi bado, Yaya. Sijamaliza na huu msalaba."

"Msalaba unamalizwa namna gani?"

Nilisikia vikombe vikigongana kule baa, kisha mtandao ukakatika.

Nikatoka chumbani nikawatangazia watu kwamba hakuna msiba. Mama Zawadi alikuwa anasonga bugali na mkono wake haukusimama.

"Chakula kimeshaiva," akasema. "Tutakula na tutaomba. Atakayekufa baadaye atakuta tumeshamlilia."

Kesho yake nikaondoka.

Kutoka Hopkins hadi uwanja wa ndege

Aliyenipeleka ni Nyambura, Mkenya, muuguzi katika hospitali ya Maplewood ambako mimi nasafisha vyumba vya wagonjwa. Alikuwa ametoka zamu na bado amevaa sare.

"Kwa hivyo huyo kijana anawacha nursing juu ya mawe," akasema tukiwa barabara kuu.

"Bado hajaacha."

"Na hiyo bag inanuka nini?"

"Ndagala. Dagaa wakavu."

"Faida. Uko serious. Unaenda ku-fly na omena mpaka London."

"Unadhani amekula nini tangu mwezi wa sita?"

"Chips, kama watu wa huko. Sikiza, ukifika usimbembeleze. Mwambie wagonjwa hawaishi, na mawe hayana overtime."

Aliteremsha vioo vyote vinne. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuvipandisha mpaka tulipofika.

Kwenye ndege nilikaa kati ya kijana aliyelala kabla hatujaruka na bibi mmoja aliyenusa, akatazama viatu vyake, akatazama vyangu, kisha akamwita mhudumu kuuliza kama choo kina tatizo. Mhudumu akaenda kukagua choo. Akaenda tena. Nilitazama mbele kama watu wengine.

London, pamoja na samaki

Kwenye ukaguzi wa mizigo kulikuwa na mbwa mdogo mwenye masikio marefu. Alipita watu wote, akafika kwenye mkoba wangu, akakaa. Mwenye mbwa akavuta kamba. Mbwa akalala kifudifudi.

Wakanipeleka pembeni, dada mmoja na kaka mmoja waliovaa glavu. Ndagala waliwatambua, maana walikuwa na macho. Tatizo likawa sombe. Mama Zawadi alikuwa ameigandisha kwenye mifuko ya plastiki, na njiani ikayeyuka ikawa uji wa kijani. Yule kaka akaubonyeza mfuko kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Majani ya mhogo yaliyotwangwa."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kula."

Akambonyezea mwenzake ili naye aone. Wakamwita mkubwa wao, naye akabonyeza. Akaniambia kwa adabu kwamba hawezi kuruhusu majani yasiyojulikana. Nikamwambia yanajulikana sana, nchi nzima inayajua. Akasema pole, si nchi hii. Sombe ikabaki London. Samaki nikarudishiwa, wamehesabika kuwa salama, na mbwa akanifuata mpaka kamba ikaisha.

Kwa sababu ya mashauri hayo treni niliyoitarajia ikaondoka bila mimi. Nilipanda iliyofuata, nikakaa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anafuma soksi. Akaniuliza kwa upole naelekea wapi. Nikataja mji. Akauliza kama ni likizo.

"Hapana," nikamjibu. "Nakwenda kumtoa mdogo wangu msalabani."

Akafuma kidogo.

"Amekuwa pale muda mrefu?"

"Tangu mwezi wa sita."

Kwenye kituo kilichofuata alikusanya nyuzi zake akahamia behewa jingine. Kiingereza changu ni cha hospitali. Wagonjwa wa Maplewood wananielewa vizuri.

Mji mdogo, na basi la Ijumaa

Jioni nilifika mji ambao Espoir alinitajia zamani kwamba ndipo watu hushuka. Nikaulizia basi la kwenda kijijini. Kijana wa kituoni akaniambia basi lipo Jumanne na Ijumaa. Leo ni siku gani? Alhamisi. Nikamuuliza watu wa kijiji hicho wakiugua Jumatano wanafanyaje. Akafikiri kweli, akasema wengi wana magari.

Nikalala juu ya baa, chumba chenye dari lililoinama hata ukiinuka unaligonga. Asubuhi nikapewa yai, soseji, nyanya nusu iliyokaangwa, na maharage yenye sukari. Nilidhani mpishi amekosea makopo. Nikamwita nikamwambia kwa sauti ya chini, nisimwaibishe. Akasema ndivyo yalivyo. Nikampa pole.

Dereva wa basi alikuwa mzee mwekundu usoni. Nilipopanda akaniambia, "Ingia, mpenzi wangu."

Nikasimama palepale kwenye ngazi. Nikamwambia kwamba mimi ni mtu wa kanisa.

"Vizuri sana, mpenzi wangu," akasema. "Utashukia palepale kanisani."

Nikakaa kiti cha nyuma kabisa, mkoba mapajani. Kituo cha pili akapanda bibi wa miaka kama themanini, naye akaitwa mpenzi. Cha tatu akapanda mwanamume mwenye ndevu na jembe, naye akaitwa mpenzi. Ndipo nikahamia mbele, maana nyuma kulikuwa na mashimo.

Nilimuuliza dereva basi linarudi saa ngapi. Saa kumi alasiri, akasema, na baada ya hapo ni Jumanne. Ndiyo kusema, kama Espoir hatapanda basi hilo la saa kumi, Jumatatu itamkuta Uingereza.

Kijijini

Kijiji ni barabara moja, baa iliyofungwa, kanisa lenye mnara mfupi mnene, na kondoo. Lango la kanisa lilikuwa wazi. Msalaba wenyewe niliutambua kwa mbali kama mtu ninayemfahamu, maana nimeutazama kwenye simu mpaka simu ikapata moto. Una ngazi nne za mawe zinazouzunguka, za chini pana, za juu nyembamba. Juu yake kuna jiwe nene lenye tundu, na kwenye tundu umesimikwa mhimili mrefu mwembamba. Juu ya mhimili hakuna kitu. Yaani ni msalaba usio na msalaba.

Espoir alikuwa juu ya ngazi ya mbao, futi ya utepe mdomoni. Amekonda, ameota ndevu. Aliponiona alishuka pole pole kama mtu anayeshuka mbele ya nyoka.

"Yaya."

"Ndiyo mimi. Kusanya vitu vyako. Basi linarudi saa kumi."

"Umekuja mpaka huku?"

"Unaniona niko wapi?"

Kabla hajanijibu akatokea bibi mmoja mrefu mwenye viatu vya mpira na funguo nyingi kiunoni. Huyo ni Jean, mtunza kanisa. Mchungaji wao ana makanisa saba na gari moja, kwa hiyo Jean ndiye anayefungua, anayefunga, na anayejua. Espoir alikuwa amepanga chumba kwake na kulipa kwa kukata nyasi za makaburini. Jean akanishika mikono yote miwili akasema chakula kiko tayari nyumbani, kuna mkate na supu, lazima nina njaa.

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu, mkubwa akija nyumbani kwa mdogo wake akakataa kula, hapo hakuna neno zito zaidi linaloweza kusemwa. Mdogo ataita majirani, atapiga magoti, atakubali analotakiwa kukubali, ili mkubwa aguse tonge. Mama yetu alifanya hivyo mara moja tu kwa mjomba, na mjomba akamrudia mkewe siku ileile.

"Sili," nikamwambia Espoir kwa Kiswahili.

Rangi ikamtoka. "Yaya, usifanye hivyo."

"Sili, na siondoki hapa, mpaka uniambie unapanda basi."

Nikaenda kukaa kwenye ngazi ya chini ya msalaba. Kwa kuwa ilikuwa na madoa ya manjano na kijivu, yale yanayoota juu ya mawe, nikatoa kitambaa na chupa ya maji nianze kusugua, kwa desturi ya kazi yangu. Jean akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa kidole. Akanieleza, mkono kifuani, kwamba madoa yale ni viumbe hai, yana umri mkubwa kuliko bibi yake, na watu hutoka miji mingine kuja kuyatazama. Nikarudisha kitambaa. Miaka minane nasafisha hospitali na sijawahi kuambiwa nisisumbue uchafu.

Basi nikaketi. Espoir akakaa ng'ambo ya pili ya msalaba, akaninunia.

Kosa langu ni kwamba niligoma kula mbele ya watu wasiojua maana yake. Jean alimuuliza Espoir nina nini, na Espoir, kwa aibu, akasema sina hamu ya kula. Jean akaelewa kwamba sipendi supu. Akaenda akaleta mkate wenye vipande vya tango. Mkate, siagi, tango, basi. Nikasema asante, sili. Akaenda akaleta keki ya limau. Sili. Akasimama akiniangalia, kisha akaenda barabarani, na mimi nikafikiri nimemshinda.

Kumbe alikwenda kutangaza. Akaja yule bibi wa kwenye basi na pai ya nyama ya nguruwe. Nilipokataa wakanong'ona, wakaitoa haraka kwa kudhani mimi ni Mwislamu, ikaja sahani ya jibini. Nikakataa jibini. Wakashauriana kuhusu maziwa. Ikaja bakuli la karoti. Mwanamume mwenye ndevu na jembe akaja na keki ambayo haikuwa na ngano wala yai wala sukari, na kwa kweli haikuwa na sababu. Mtu akaleta meza. Mtu mwingine akaleta kitambaa cha meza. Kila nilipokataa kitu, nyumba nyingine ilifunguka.

"Unaona unachofanya?" Espoir akaniambia kutoka ng'ambo. "Hawa watu watamaliza kabati."

"Panda basi."

Na kwa kuwa chakula kilikuwa pale na hakuna anayekila, wakaanza kukila wenyewe. Na kwa kuwa walikuwa wanakula, wakakaa. Na kwa kuwa nilikuwa nimevaa kitenge cheusi nimeketi chini ya msalaba bila kula, wakaja mmoja mmoja kukaa karibu nami na kuniambia habari za wafu wao. Sikuwaomba. Bibi wa kwenye basi alinieleza kifo cha mume wake tangu kikohozi cha kwanza. Mwenye ndevu, jina lake Colin, alinieleza kwa kirefu ugonjwa wa figo wa mtu aitwaye Meja, jinsi alivyokuwa mwaminifu, jinsi alivyokuwa akilala mlangoni kumngoja. Nilikuwa karibu kutokwa machozi alipotaja mkia.

"Pole sana," nikamwambia hata hivyo.

Akauliza maana yake. Nikamwambia ni neno tunalompa mfiwa. Akalijaribu mara kadhaa, kisha akaenda kulitumia kwa yule bibi mwenye mume wa kikohozi.

Nikamuuliza Jean, alipopita na chai, huu msalaba ni kaburi la nani hasa.

"Si kaburi la mtu," akasema.

"Na kichwa chake?"

"Kilivunjwa. Zamani sana, dini ilipobadilika."

"Waliovunja walikuwa nani?"

"Wakristo."

"Na waliojenga?"

Akatabasamu. "Wakristo."

Nikamwambia na kwetu ni vilevile. Akaketi kidogo, magoti yakalia. Akaniambia kwamba zamani zile maskini hawakuwekewa jiwe. Walizikwa, majani yakaota, basi. Msalaba mmoja wa mawe ulisimama katikati ya kiwanja kwa niaba yao wote. Mtu aliyepoteza wazazi na hajui walipolala alikuja kusali hapa.

Nikageuka kumtazama Espoir. Alikuwa anajifanya anakunja futi yake.

Saa kumi

Jean alipoondoka nikazunguka ngazi nikaenda kukaa upande wake.

"Ndiyo sababu?"

Akamaliza kukunja futi. Halafu akasema, "Niliposikia hivyo nikaanza kuja jioni. Namwambia mama habari. Za chuo, za Bahati, za watoto wa Bahati wasiotaka kuongea Kiswahili."

"Espoir, mama hayuko hapa. Mama hajawahi hata kuisikia Uingereza."

"Hata Hopkins hakuisikia, Yaya."

Basi likaonekana kilimani, likateremka, likasimama langoni. Dereva akapiga honi kidogo, akaona meza, akashuka. Akapewa pai. Nikamtazama Espoir, naye akatazama chini. Dereva akala akisimama, akafuta mikono, akasema, "Haya, wapenzi wangu?" na alipoona hatuinuki akapanda akaondoka. Nilisikia gia zikibadilika mpaka ng'ambo ya bonde. Nafasi ya shule ilikuwa inakwenda nalo, na mimi nilikuwa bado sijala.

"Wako wapi?" Espoir akauliza.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza, na mimi sikuwahi kuanza. Alikuwa na miaka miwili wazazi wetu walipokufa.

"Njiani, tukikimbia vita," nikasema. "Kabla ya kufika ziwani. Kwenye shamba la mihogo, upande wa juu wa barabara. Wote wawili pamoja."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Mgongoni mwangu. Ulikuwa umelala. Kila nilipoinama uliamka, nikinyanyuka unalala tena."

"Ulikuwa unainama kufanya nini?"

"Kuchimba. Mimi na Bahati, na mtu mmoja aliyekuwa anapita, jina lake sikuwahi kulijua. Jembe tulilikuta humo shambani. Mwenye shamba naye alikuwa amekimbia."

Watu wa kijiji walikuwa wanacheka mezani. Colin alikuwa anamwambia mtu pole.

"Mliweka msalaba?"

"Tuliweka. Tulikata miti miwili ya mhogo, Bahati akaifunga kwa kamba ya kiatu chake, tukauchomeka."

Espoir akafikiri. Ni mtoto wa kambi ya wakimbizi, amelima bustani kule Kigoma, si mjinga wa mambo hayo.

"Yaya. Mti wa mhogo ukiuchomeka unaota."

"Najua unaota."

"Kwa hiyo msalaba wa mama umeota."

"Lazima uliota. Na mwenye shamba aliporudi, aliuvuna."

"Ameula?"

"Ameutwanga, ameula, na majani amepika sombe."

Tukatazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, Mungu anisamehe. Nilijaribu kuzuia kwa kitenge na haikufaa. Espoir akalala kwenye ngazi ya mawe, tumbo linaruka, anasema, "Wamekula msalaba wa mama, Yaya, wameula na bugali," na kijiji kizima kikanyamaza kututazama, sahani mkononi. Jean alifikiri ni kifafa, akaja mbio na maji.

"Mama angefurahi," nikasema nilipopata pumzi. "Hakupenda mtu apite kwake na njaa."

Tulipotulia alikuwa analia, nami pia, bila sauti. Kisha akainuka, akaenda mezani, akachukua sahani, akaweka kila kitu: tango, jibini, karoti, keki ya Colin. Akaja nayo kwa mikono miwili, akapiga goti kwenye nyasi kama wanavyofanya kwetu. Hakuwa ameniahidi chochote. Basi lilikuwa limeshaondoka, na kwa kanuni yangu mwenyewe nilitakiwa kukataa.

Nikala. Wale watu wakapiga makofi.

Nilipomaliza hata ile keki isiyo na sababu, Espoir akamuuliza Jean kama kuna mtu anayekwenda mjini kesho.

Kurudi

Alikuwepo Colin, mwenye kondoo wa kupeleka mnadani. Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilishika ncha ya chini ya futi, Espoir akapanda na ncha ya juu, tukaupima mhimili mara ya mwisho. Alisema vipimo vyake vya zamani vyote havikulingana. Havikulingana tena. Akaandika hicho cha mwisho.

Ndagala nilimwachia Jean na maelekezo ya kuwapika na nyanya na kitunguu. Alishukuru sana, na nina hakika kabisa kwamba amewazika.

Tulikaa na Colin mbele ya pikapu, kondoo watano nyuma wakituhemea shingoni kupitia kidirisha. Mmoja alitafuna kola ya Espoir hadi stesheni. Treni ilichelewa kwa sababu ya ng'ombe, ndege ikachelewa kwa sababu ya treni ya rubani, na Espoir alilala njia nzima mdomo wazi, kichwa begani kwangu, mzito kuliko alivyokuwa zamani. Sikulisogeza bega.

Jumapili alasiri tulifika Minneapolis. Kwenye dirisha la pasipoti alikaa kijana mchangamfu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Akatazama pasi zetu, akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine.

"Mlikwenda kumtembelea nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema utalii, maana Nyambura alinionya kwa simu nisitaje msalaba mbele ya serikali. Espoir akanitangulia.

"Wazazi wetu," akasema.

"Vizuri," akasema yule kijana, na akachukua muhuri. "Hawajambo?"

Espoir akanigeukia mimi, mkubwa, nijibu.

"Hawajambo," nikasema, naye akagonga.